Barua ya Kumtenga Mdogo Wangu

Jumanne tarehe kumi na saba, saa kumi na moja na robo alfajiri, dada yetu mkubwa alirejea kwa Mola wake. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono na saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Yeye ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu, baada ya mama kututoka. Aliugua siku nne tu. Tulimzika kesho yake, na mdogo wangu hakuja, hakupiga simu, hakutuma hata salamu. Siku ya tisa nilirudi kazini, kwenye kibanda changu cha kushona viatu, nikiwa na barua mfukoni, aliyoiandika Baba Mdogo na iliyongoja sahihi yangu. Mbele ya kibanda pana benchi refu. Wateja huketi hapo wakisubiri, na wasio wateja huketi siku nzima. Zamani mtu alikaa popote. Tangu uchaguzi, watu wa chama cha Ngazi hukaa upande wa mlango, watu wa chama cha Ndoo upande wa mtaro, na katikati pamebaki nafasi ya mtu mmoja na nusu. Bi Kahawa, anayetuuzia kahawa, leo huanza kumimina upande huu, kesho upande ule, asije akaambiwa ana chama.

Asubuhi hiyo walikuwepo wawili. Spika, aliyewahi kupakia mizigo stendi, ni wa Ngazi kama mimi. Rula, seremala, ni wa Ndoo kama mdogo wangu.

— Soma tena pale mwisho, Fundi, akasema Spika.

Nikasoma polepole, maana mwandiko wa Baba Mdogo ni mgumu: "Kwa kuwa hukuja kumzika dada yako, ukoo umekubaliana usije tena kwenye shughuli zetu, nasi hatutakuja kwenye zako."

— Imekaa vizuri. Tia sahihi.

— Basi linaondoka saa sita, nikasema. Baba Mdogo anataka iende nalo leo hii.

— Sasa unangoja nini?

Niliiweka barua katikati ya benchi. Nilikuwa na kiatu gotini, na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ulikuwa umenichoma kidole mara mbili tangu nianze kazi.

— Usitie, akasema Rula. Mtu anakosa mazishi mamoja mnamfuta kama maandishi ya ubaoni?

— Unamtetea kwa sababu mmebeba ndoo moja.

— Namtetea kwa sababu nilimchongea kitanda cha harusi, namjua. Yule ana haya. Siku ya matokeo alimtamkia kaka yake maneno makali, sasa anaona aibu.

— Mimi nilimtamkia makali zaidi, nikasema.

— Aibu haimzuii mtu kupiga simu, Spika akasema. Mimi nawaambia, ameahidiwa cheo.

— Fundi bomba? Yupo kwenye ujenzi wa bwawa, mwendo wa siku moja na nusu. Cheo gani huko?

— Enhe, bwawa. Nani hapa ameliona hilo bwawa?

— Mimi sijaliona, akasema Bi Kahawa.

— Mnasikia? Bwawa halijaonekana. Sasa mtu anayengojea cheo hawezi kukaa kwenye mazishi yaliyojaa watu wa Ngazi. Picha inapigwa, inafika mezani kwa mkubwa, jina linakatwa. Chama chao kina kamati ya misiba.

— Kamati ya misiba, Rula akarudia.

— Inapanga mtu alie wapi na kwa muda gani.

— Spika, mimi kadi ninayo. Tangu uchaguzi nimelia misiba mitatu, miwili ya watu wenu, na sijaomba kibali kwa mtu.

— Wewe hujafika ngazi hiyo.

— Ngazi ni yenu. Sisi tuna ndoo.

Bi Kahawa akacheka, kisha akaniangalia, akaacha. Akanimiminia kikombe bila kuniuliza.

— Mimi nafikiri ni mkewe, akasema. Amemficha simu. Kuna wanawake wana mikono myepesi.

— Si mkewe, ni mnara, akasema Rula, naye sasa ameshapanda joto. Mnara wa simu umewekwa kwenye kiwanja cha nani? Cha diwani wenu wa Ngazi. Simu za watu wetu zinachujwa pale.

— Jana hukuongea kwa simu na shemeji yako mambo ya mbao? Spika akauliza.

— Mbao wanaziruhusu. Misiba hawairuhusu.

Wakati huo akaja mama mmoja aliyevaa sare ya wafagizi, ameshika kiatu kilichoachia soli. Nilimwazima ndala moja, akaivaa, akatafuta pa kukaa. Akaketi katikati, pale ambapo hakuna aliyepakalia kwa wiki tano. Spika na Rula wakatazamana. Yeye hakujua kitu.

— Samahani, mama, msiba wetu ndio unaongelewa, nikamwambia.

— Poleni sana, Fundi. Ongeeni tu.

Spika akamweleza kila kitu, toka dada yangu alipofariki hadi barua, na kamati ya misiba akaitia humo humo. Mimi nilishika msharasi bila kushona. Nilikuwa nawasikiliza hawa watu wazima wakisema upuuzi, na moyoni nilikuwa nikimwomba Mungu mmoja wao apatie. Nilitaka sababu, hata ya kijinga. Siku mbili kabla hajafa, dada aliniuliza, "Mmeongea na mdogo wako?" Nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya mgonjwa, ili apumzike. Ikiwa mdogo wangu kweli alikataa kuja, basi nitatia sahihi, na uwongo wangu utabaki uwongo hadi siku ya hukumu. Ilikuwa saa tano kasorobo.

— Nani alimpa habari? yule mama akauliza.

— Habari gani? akasema Spika.

— Ya msiba. Huyo mdogo mtu, nani alimwambia?

— Aa, kila mtu aliambiwa.

— Na nani?

Spika akanigeukia. Rula naye akanigeukia.

— Nilitangaza kwenye kundi la simu la ukoo, nikasema. Kabla jua halijatoka. Watu sabini walijibu.

— Naye yumo kundini?

Nikaweka kiatu chini. Siku ya matokeo, saa nne asubuhi, mdogo wangu aliandika kundini kwamba sisi watu wa Ngazi tumeuza akili zetu. Mimi ndiye msimamizi wa kundi. Nilimtoa kwa kidole hiki hiki chenye damu, nikasema nitamrudisha akitulia.

— Nilimtoa.

Bi Kahawa akaweka birika chini.

— Lakini Baba Mdogo alimpigia, akasema Spika. Lazima alimpigia.

— Baba Mdogo haongei naye.

— Shangazi yenu?

— Shangazi aliniambia, "Najua wewe kaka mtu umeshamwambia." Nikanyamaza. Nilidhani mtu mwingine amemwambia.

Rula akavua kofia.

— Namba yake ninayo, akasema. Nikajisemea, hilo ni jambo la familia.

Yule mama alikuwa akiitazama barua iliyokuwa kwenye benchi kando yake.

— Basi hii ndiyo ingempa habari, akasema taratibu.

Nikatoa simu. Namba yake nilikuwa nimeifuta, Rula akanisomea, tarakimu moja moja, kama anayempimia mtu ubao. Iliita mara nne.

— Kaka, akasema. Sauti ilikuwa ya woga. Afadhali umepiga. Nilikuwa nashindwa nianzie wapi.

— Hujambo, mdogo wangu?

— Sijambo, ila sina raha. Mara ya mwisho Dada aliniambia nisimpigie mpaka nimekupigia wewe. Nikakaidi. Sasa ni siku tisa, kila jioni nampigia, simu imezimwa. Kumbe amekasirika kweli. Kaka, mwambie yaishe. Maneno ya uchaguzi yale, nimekosa. Mpe simu nimwombe radhi mwenyewe.

Simu ya dada niliizima mimi, kwa mkono wangu, asubuhi ile ile.

— Umesimama? nikamwuliza.

— Nimesimama, niko kazini.

— Kaa chini kwanza.

Nikamwambia. Aliyoyasema baada ya hapo ni yake, siyaandiki.

Ee Mola wetu, mrehemu dada yetu, aliyetulisha yeye akiwa hajala. Lipanue kaburi lake, ulitie nuru. Radhi ambayo mdogo wake alitaka kumwomba imechelewa njiani kwa sababu yangu. Ifikishe Wewe, maana sisi hatuna tena njia ya kumfikia. Na ule uwongo niliomwambia akiwa kitandani, kwamba tumeongea, usimwandikie yeye huzuni. Niandikie mimi. Mpumzishe kwa amani. Amina.