Filimbi Nyuma ya Msafara

Saa mbili asubuhi, benchi la kahawa la Mzee Hashiru pale Mlandizi, jirani na maegesho ya bodaboda, lilikuwa limeshajaa: yaani watu watatu na ubishi wao. Hashiru mwenyewe, anayeitwa Tanuri kwa kuwa alichoma mkaa miaka kumi na tisa kabla hajashika birika, alikuwa akipepea jiko. Upande mmoja alikaa Salehe Redio, dereva wa bodaboda, na jina lake halihitaji maelezo. Upande wa pili Onesmo Ushahidi, fundi ujenzi asiyeamini hata kama mvua inanyesha mpaka aloane. Katikati yao alikuwa Twalibu, kijana kutoka Janga, mkufunzi msaidizi wa misafara ya vijana. Kazi yake ni kuwapeleka wanafunzi porini, kuwafundisha kusoma dira na kufunga hema, na kutembea wa mwisho kabisa ili asibaki mtu nyuma. Alikuwa ametoka msitu wa Mzenga juzi. Kahawa yake ilikuwa imepoa na hajaigusa.

— Dogo, mbona umekonda hivyo? Salehe akamwuliza. Huko Mzenga mlikuwa mnakula majani?

— Redio, ndege anaweza kupiga filimbi?

— Ndege gani?

— Yeyote. Filimbi ya plastiki, kama ya refa.

Salehe akacheka, lakini alipomtazama usoni akaacha.

— Hebu anza mwanzo, akasema Hashiru.

Twalibu akavuta pumzi.

— Tulikuwa kumi na sita, mzee. Wanafunzi kumi na wanne, dada Firdausi ambaye ndiye mkufunzi mkuu, na mimi. Yeye anatangulia, mimi ndiye mkia. Akipiga filimbi moja, anauliza: mpo? Mimi napiga moja, namjibu: tupo. Zikipigwa tatu mfululizo, mtu amepatwa na shida. Kila mtoto anafundishwa hilo kabla hajabeba begi.

— Sawa.

— Jumamosi alasiri tuko ndani kabisa, vichaka vimebana, mtu wa mbele yako humwoni vizuri. Firdausi akapiga moja. Nikainua ya kwangu. Kabla haijafika mdomoni, ikapigwa nyingine. Moja. Nyuma yangu.

— Ulimwacha mtoto, akasema Onesmo.

— Nilihesabu. Kumi na wanne, wote mbele yangu. Nikahesabu tena kwa majina.

— Mwangwi.

— Ushahidi, mwangwi wa filimbi ambayo sijaipiga?

Salehe akaona nafasi yake imefika.

— Ndege huyo, wala msisumbuke. Kuna ndege wa kuiga. Binamu yangu Kisarawe alikuwa naye mmoja anaiga honi ya lori, watu wanaruka mtaroni na hakuna lori.

— Ndege anasubiri kuulizwa ndiyo ajibu? Twalibu akamkata. Firdausi akipiga, kitu kile kinajibu. Asipopiga, kimya. Kutwa nzima ya Jumapili! Na kila mara kinaniwahi. Tena Jumamosi kilikuwa mbali, kama kutoka hapa hadi stendi. Jumapili jioni kilikuwa kama kutoka hapa hadi kile kibanda cha chipsi.

Wote wanne wakageuka kukitazama kibanda cha chipsi. Kilikuwa bado kimefungwa.

— Hao wapasua mbao, Onesmo akasema, ila sauti yake ilikuwa imeshuka. Wanawatisha mtoke. Wana simu, wamerekodi filimbi yenu, wanairudisha.

— Wamrekodi dogo saa ngapi wakati hajapiga? Salehe akamrukia. Mimi nawaambia hiyo ni mitambo. Kuna vindege vya kamera siku hizi, vinakufuata hata chooni.

— Vinavuma. Ningevisikia.

Hashiru aliacha kupepea jiko.

— Mlizunguka, akasema.

— Nini, mzee?

— Msitu ule unazungusha watu. Nimezungushwa mimi, nikapita mara tatu kwenye tanuri langu mwenyewe nadhani la mtu mwingine. Mmetembea mduara, wanangu, mkia ukawa unafuatwa na kichwa. Uliyemsikia nyuma yako ni mkia wa safari nyingine. Wewe mwenyewe, wa jana yake.

— Acha kamba, mzee! Onesmo akasema.

— Basi ungesimama ukasubiri, Salehe akamalizia, ungekuja kukutana na wewe.

Alitarajia watu wacheke. Twalibu alikuwa akijipapasa kisogo, mahali palepale ambapo kwa siku mbili alihisi mtu anampulizia. Kulikuwa na jambo ambalo alikuwa hajalisema, hata kwa mama yake.

— Jumatatu asubuhi tunakunja mahema, akasema polepole. Hakuna aliyepiga filimbi. Firdausi hajapiga, mimi sijapiga. Zikaja tatu.

Lori likapita, vumbi likatua kwenye vikombe.

— Firdausi akasemaje? akauliza Hashiru.

— Akasema tutembee. Biasha, binti wa kidato cha pili, alikuwa ameshaanza kulia, na wenzake wanamtazama. Ukiwaacha watoto waingiwe hofu porini, kila mmoja anakimbilia kwake. Tukatoka haraka. Zikapigwa tatu tena, nyuma yetu, mbali zaidi. Halafu basi. Barabarani akaniambia nisiandike kwenye ripoti, wazazi hawatatuelewa. Nami sikuandika.

— Mlifanya vizuri sana, Salehe akasema haraka haraka. Lile jini. Lilijibu kwa ustaarabu, likaona hamgeuki, likaanza kulia shida. Ungerudi wewe, leo tungekuwa msibani.

— Hata sisi wa mkaa, akaafiki Hashiru, tulikuwa hatuitikii wito wa nyuma.

— Hapo hata mimi sidai ushahidi, akasema Onesmo.

Twalibu akaanza kuhisi nafuu. Ndicho alichokifuata kijiweni: watu wazima wamwambie alifanya vizuri.

Mwanamke mmoja alikuwa ameshushwa na pikipiki iliyotoka Mzenga, na ndoo ya ndimu, akajibanza mwisho wa benchi kusubiri basi. Alikuwa ameshasikia nusu ya habari ile. Alimwamkia Hashiru, akaitikia shikamoo za vijana, akajitambulisha kuwa anaitwa Maua. Alipokea kahawa, akanywa kidogo, kisha akamgeukia Twalibu.

— Nyie mmetoka, mwanangu.

— Ndiyo, mama.

— Na yeye, ametoka?

Hashiru alikuwa ameinua birika kumwongezea mtu, likabaki hewani. Twalibu aliona aibu ikimpanda taratibu, kuanzia miguuni. Siku nne alikuwa amewaza sauti ile ni ya kitu gani. Hakuwa amewaza hata mara moja kwamba anayejibu "nipo" kila anapoulizwa huenda alitaka ahesabiwe.

Akatoa simu. Firdausi alipokea kabla haijaita mara ya pili.

— Dada, ile ripoti...

— Achana na ripoti, Twalibu. Niko Mzenga. Niko msituni na mwenyekiti wa kijiji na wanaume sita, tangu jana asubuhi. Nilitaka kukupigia, nikaona haya. Mimi ndiye niliyekuambia tutembee.

— Mmempata?

Alisikia majani yakikanyagwa upande wa pili.

— Tumepaona alipolala. Hatua thelathini nyuma ya hema lako. Nyasi zimelala, na mti umechongwa mistari, kama ya mtu anayehesabu siku. Mingi, Twalibu. Kila nikipiga hatua mia napiga filimbi moja, natega sikio. Hajibu.

Salehe hakuuliza nauli. Alikuwa ameshawasha pikipiki, na Twalibu, simu bado sikioni, ameshakaa nyuma yake. Hashiru alimwaga kahawa yote chini, akazima jiko kwa maji, na miaka yake sitini na tano akapanda nyuma ya Twalibu, wakawa mshikaki wa watu watatu.

— Mwambie Firdausi wasiendelee mbele, akasema. Mtu aliyechoka huteremka kufuata maji. Waanze bondeni.