Ubeti wa Tatu wa Otakar Drápela

Wasikilizaji wapendwa, huo mluzi mliousikia sasa hivi mnaujua. Mnaujua ninyi na watoto wenu. Kila Desemba mnaupiga jikoni mkikaanga samaki. Mwenye wimbo huo, Otakar Drápela, amefariki dunia hapa Brno akiwa na miaka sabini na minane. Na mimi, Kamila wenu wa jioni, nimekuja kumkumbuka nikiwa na hasira. Mnisamehe, sitaificha.

Otakar alikuwa mwanamuziki wa roki. Nasema tena, wa roki. Alitunga mwenyewe, akaimba mwenyewe, na gitaa lake lilikwaruza kama msumeno. Alitoa santuri nane. Watu wakakumbuka wimbo mmoja tu, na huo nao wakaukumbuka nusu.

Alizaliwa Znojmo, karibu na mpaka wa Austria. Kaka yake aliitwa Vilém, mdogo wao wa kike Božena. Vilém ndiye aliyemfundisha gitaa. Otakar aliniambia humu studioni: "Kila nikikosea ananipiga vidole kwa kijiko. Mwalimu mbaya kabisa. Lakini sikutaka mwingine."

Kisha, enzi zile za Wakomunisti, Vilém akatoroka kuvuka mpaka, na mpaka ukafungwa nyuma yake. Akabaki Vienna. Barua zilikuwa zikifunguliwa njiani, simu zikisikilizwa, na jina lake halikutajwa hata mbele ya majirani. Ila redio yetu ilifika Vienna, na shangazi mmoja aliyetoka huko alileta habari kwamba Vilém anaisikiliza kila jioni. Basi Otakar akaamua kuzungumza na kaka yake kwa wimbo.

Wimbo ule una beti tatu. Tatu, wasikilizaji. Wa kwanza, samaki wa Krismasi ananunuliwa akiwa hai na kuwekwa kwenye bafu la maji. Wa pili, watoto wanampa samaki jina, na familia nzima inakaa bila kuoga. Mnacheka, na ni haki yenu. Nani kati yetu nyumba yake haikunuka hivyo?

Ubeti wa tatu ni mkesha wenyewe. Supu ipo, saladi ya viazi ipo, na ile sahani moja ya ziada ya mgeni asiyetarajiwa ipo. Na mwiko wetu mnaujua: usiku huo haruhusiwi mtu kuinuka mezani kabla wote hawajamaliza, la sivyo msiba hauko mbali. Sasa mgeni akibisha, nani atamfungulia? Otakar aliandika hivi: "Usibishe hodi, kaka, leo hatuinuki mezani. Mlango hatukuufunga. Sahani yako ipo."

Basi, hayo tu. Lakini siku zile, kanda haikutoka bila kupita mbele ya kamati ya udhibiti. Božena, aliyekuwa akipiga kinanda kwenye bendi, alikuwapo, naye ndiye aliyenisimulia.

"Ndugu Drápela," mwenyekiti aliuliza, "huyu mnayemwachia mlango wazi ni nani?"

"Mgeni, ndugu mwenyekiti. Ni desturi."

"Mgeni gani anaitwa kaka?"

"Wewe mwenyewe umeniita ndugu, na hatujawahi kula pamoja."

"Usinichezee, kijana. Nchi hii milango yake imefungwa vizuri. Samaki abaki. Mlango utoke."

Mlango ukatoka. Muziki ulikuwa umesharekodiwa, kwa hiyo pakabaki pengo mahali pa ubeti wa tatu. Fundi mitambo akaliziba kwa mluzi. Huo ndio mluzi wenu mtamu, wasikilizaji wapendwa. Ni plasta juu ya kidonda.

Nchi nzima ikacheka. Otakar akawa Bwana Samaki. Akipanda jukwaani na nyimbo mpya, wanapiga kelele: samaki, samaki. Akiimba ubeti wa tatu kwenye baa, wanamfunika kwa mluzi. Mlevi mmoja alimwambia, "Mzee, umesahau wimbo wako. Hapo hakuna maneno."

Mpaka ulipofunguliwa, Otakar alikwenda Vienna. Hili nalo nimelipata kwa Božena, nami nalitaja kwa idhini yake. Vilém alifungua mlango akasema, "Karibu, Bwana Samaki." Akasema, "Kila Krismasi niliwasikia. Samaki, bafu, mluzi. Nikaona wenzangu mna raha zenu, nisiwaharibie."

Otakar akamwimbia ubeti wa tatu pale pale sebuleni. Vilém akatikisa kichwa. "Huu umeutunga kwenye treni, mdogo wangu. Kama ni kweli, mbona redioni haupo?"

Basi Otakar akarudi na kuurekodi upya, wimbo mzima. Akaupeleka redioni, ili kaka yake ausikie na aamini. Redio ipi, sitasema, ila mshahara wangu unatoka humo. Wakamjibu kwamba wasikilizaji wanapenda mluzi. Kamati ilikuwa imekufa, na hakuna aliyemkataza mtu kitu. Tulizoea tu. Akapeleka tena, wakamjibu vile vile. Vilém akafia Vienna. Redioni hakuusikia kamwe.

Juzi tulimsindikiza Otakar. Ukumbi ulijaa. Mtu mmoja akaanzisha wimbo, wote tukaitikia, samaki, bafu. Tukafika pale. Na mbele ya jeneza lake, wasikilizaji, watu wakaanza kupiga mluzi. Wengine wakilia, lakini wanapiga mluzi.

Božena akasimama. "Nyamazeni," alisema. "Mmemfunika maisha yake yote. Leo hata yeye hawezi kuwajibu, na bado mnamfunika." Akauimba ubeti wa tatu peke yake, kwa sauti ya kizee inayokatika. Hakuna aliyeweza kumsaidia, kwa sababu hakuna aliyeyajua maneno.

Dada Božena, pole. Poleni wote wa ukoo wa Drápela. Nasi wengine tujiulize: ni mangapi tunayaimba nusu, tukaapa kwamba ndiyo mazima? Desemba hii, mkifika kwenye mluzi, nyamazeni kidogo.

Mhariri wangu ameniagiza nifunge kipindi kwa wimbo ule mfupi, wa mluzi, kwa sababu taarifa ya habari inasubiri. Hapa mkononi nina kanda ya Otakar, ile nzima. Mkisikia kishindo nyuma yangu, ni mhariri anagonga mlango wa studio. Gonga tu, Bwana Mhariri. Mimi nimeketi, na leo siinuki mezani.

Wasikilizaji wapendwa, Otakar Drápela. Beti zote tatu.