Ukifa, Wewe ni wa Jimbo

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya kibanda cha kahawa cha Heidrun, ukingoni mwa mto Rhine, upande wa Kastel. Mbele yetu mto, ng'ambo ya mto Mainz, na ukinyoosha kidole unaligusa jengo la bunge la jimbo. Bunge lao hilo, si letu. Letu liko Wiesbaden, nyuma ya migongo yetu, hatulioni wala halituoni. Mji wetu ulikuwa wa Mainz zamani, hadi vita vya pili vya dunia vilipokwisha na Wamarekani na Wafaransa wakagawana nchi kwa kufuata mto. Sisi tukaangukia jimbo la Hesse. Jina hatukunyang'anywa. Hadi leo tunaitwa Mainz-Kastel, na jina hilo ndilo lililomponza Kapteni.

Kapteni ni Ottmar, aliyeendesha matishari ya makaa kwenye mto huu tangu ana nywele nyeusi. Sasa mapafu yamechoka. Daktari amemwambia asijisumbue kununua kofia ya kanivali ya mwakani. Asubuhi hiyo alikuja ameinamisha kichwa, akaketi bila salamu.

Kapteni: Wamenikataa.

Tetesi: Akina nani? Wa pensheni?

Huyo Tetesi ni Gisbert, fundi rangi mstaafu. Hakuna habari asiyoijua, na hakuna anayoijua vizuri.

Kapteni: Wa mazishi. Jana nimevuka kwenda kwa wale wa Mainz. Nikawaambia nikishachomwa, nataka majivu yangu yashushwe mtoni. Sheria yao mpya si inaruhusu? Yule bwana akafurahi, kahawa nikaletewa. Halafu akaniuliza, mzee unaishi wapi? Nikajibu kifua mbele: Mainz-Kastel! Akaweka kalamu chini. Akasema, pole mzee wangu, hiyo ni Hesse.

Tetesi akacheka hadi kahawa ikampalia. Alipoona Kapteni hacheki, akajifuta mdomo na kutazama viatu vyake.

Katiba: Ungeniuliza mimi kwanza.

Ilibidi aseme hivyo. Katiba ni Winfried, mtu wa Wiesbaden, aliyezeeka katika ofisi za jimbo letu. Tangu nimfahamu hajavuka lile daraja la kwenda Mainz. Anasema watu wa Mainz wana kelele na kahawa yao ni maji ya kuoshea vyombo.

Katiba: Sikilizeni. Nchi hii ni shirikisho. Jeshi ni la Berlin. Mabalozi, Berlin. Lakini shule, polisi na kuzika watu, hayo ni ya jimbo. Kila jimbo lina bunge lake, mawaziri wake na sheria zake za makaburi. Ukiwa hai, Berlin inakujua. Ukifa, wewe ni wa jimbo.

Kapteni: Na mto ni wa nani?

Katiba: Upande huu wetu, upande ule wao. Ila njia ya meli inasimamiwa na Berlin.

Kapteni: Yaani maisha yangu yote nimepita humo hakuna aliyeniuliza jimbo, leo nataka kulala ndiyo naulizwa?

Katiba: Ulipokuwa unapita ulikuwa wa Berlin. Ukilala...

Kapteni: Wa jimbo. Nimesikia, bwana.

Tetesi: Oya, hapa mnajitia presha bure. Siku yako ikikaribia, tunakubeba hadi darajani. Tukishapita katikati, unakata roho. Umefia kwao!

Katiba: Acha porojo. Hawaangalii ulipofia, wanaangalia ulipokuwa umeandikishwa kama mkazi.

Tetesi: Basi turudishe Kastel yote Mainz. Tupige kura. Umoja ni nguvu!

Katiba: Mpaka wa majimbo unauhamisha kama kochi? Serikali zote mbili zikubaliane, mabunge yote mawili yapitishe, na Berlin nayo ina neno lake.

Kapteni: Nitakuwa nimeshaoza.

Heidrun: Huozi wewe, si umesema unachomwa?

Tulicheka wote, na Kapteni pia, kidogo, akishika kifua. Mimi huwa sipendi Katiba akianza kufundisha, lakini siku hiyo nilimwombea awe na jibu.

Heidrun: Sasa Bwana Winfried, wewe ulikuwa humo ndani. Bunge letu haliwezi kuruhusu kama lao lilivyoruhusu?

Katiba: Linaweza! Hapo sasa umegusa penyewe. Likitaka, halimwombi mtu Berlin ruhusa.

Heidrun: Na likitaka, inachukua muda gani?

Katiba akakitazama kikombe chake.

Katiba: Mswada unasomwa. Unapelekwa kamati. Makanisa yanaulizwa, miji inaulizwa, watu wa mazishi wanaulizwa. Unarudi, unasomwa tena...

Tetesi: Haraka haraka haina baraka.

Heidrun alimchapa na kitambaa cha meza.

Heidrun: We Gisbert! Methali hiyo ni ya kumwambia mgonjwa?

Tetesi: Basi, basi! Dawa ninayo mwenyewe. Nyinyi nipeni majivu. Nayatia kwenye ndoo yangu ya rangi, nashuka pale kwenye ngazi giza likiingia, pwaa! Maji yakimwagika hayazoleki. Wizara itamzoa nani?

Hapo Kapteni aliinua kichwa.

Kapteni: Sitaki kutupwa, Gisbert. Mabaki ya rangi ndiyo yanatupwa. Mimi nataka nishushwe. Mchana. Kengele ya meli igongwe, na nyinyi mmesimama, kofia mkononi.

Tetesi: Nisamehe, kaka.

Kapteni: Si kitu. Hata hivyo, nimepata chumba.

Katiba: Chumba gani?

Kapteni: Mainz. Juu ya duka la mikate. Jumatatu nahamia, Jumanne naenda ofisi ya mji kujiandikisha. Nikifa, nakufa mkazi wao.

Katiba: Unahama jimbo ili ukafe?

Kapteni: Kufa nitakufa popote. Nahama nipate pa kulala.

Mwanamke mmoja alikuwa ameegemeza baiskeli yake kwenye kibanda, anakunywa maji. Lafudhi yake ilikuwa ya kaskazini, mbali na kwetu. Sikujua kama alikuwa anatusikiliza hadi alipofunga chupa yake.

— Samahanini wazee wangu, alisema. Mimi sheria za huku sizijui. Ila huyu mzee, akishahamia ng'ambo, atakunywa kahawa na nani?

Safari ya darajani Kapteni haiwezi tena kila siku. Hata kutoka kwake hadi kwenye benchi husimama mara kadhaa akivuta pumzi. Sote tulilijua hilo, na tulikuwa tumekaa asubuhi nzima tukipanga majivu yake, wala hatukumpangia siku alizobakiza. Niliona aibu, na niseme kweli, roho iliniuma.

Kapteni: Nitazoea.

Alisema hivyo akitazama mto. Yule dada akamshika bega, akapanda baiskeli yake akaenda. Heidrun akalitikisa birika lake, lilikuwa jepesi.

Heidrun: Imekwisha, jamani.

Katiba akasimama, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, kama mtu aliyeitwa mbele ya waziri.

Katiba: Heidrun, ile chupa yako kubwa ya chai bado ipo?

Heidrun: Ipo.

Katiba: Jumanne asubuhi nijazie kahawa. Ya kwao siwezi kuinywa. Ng'ambo pale, chini ya bunge lao, hakuna mabenchi?

Tetesi: Yapo! Nimeyapaka rangi mwenyewe!

Hakuyapaka yeye, lakini siku hiyo hatukumbishia.

Kapteni: Winfried. Wewe utavuka daraja?

Katiba: Nyamaza, mzee. Kwa kuvuka tu, hakuna anayekuandikisha kuwa mkazi wao.

Kapteni akakikumbatia kikombe chake kitupu kwa mikono miwili. Alikuwa analia, na sisi tulikaa naye bila kahawa hadi alipomaliza.