Kamati ya Tumbo la Shemeji

Kijiwe chenyewe ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, kikawekwa kibarazani nje ya karakana ya mizani. Sponji yake imeshabonyea mahali pa makalio yale yale ya kila siku. Upande wa ukutani hukaa Wakili, ambaye sheria hajaisomea hata siku moja. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili ya wenye kesi mpaka akastaafu. Pembeni yake ni Mawimbi, fundi redio, mtu anayejua kila kitu kwa sababu kila kitu kakisikia, ila hakumbuki kituo gani. Muuza kahawa yeye husimama na birika lake, akachangia akipenda. Na mwenye karakana, anayetengeneza mizani za maduka yote ya mtaa, wanamwita Gramu, kwa kuwa hajui neno "kidogo". Ukimwambia sogea kidogo, atakuuliza kidogo ngapi. Jumamosi hiyo baada ya adhuhuri Gramu alitoka ndani kabeba kopo la aiskrimu kwa mikono miwili, uso umemsawijika kama wa mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

— Hilo la ngapi? Wakili akauliza.

— La nne.

— Hee! Tumbo la shemeji lina kesi ndefu kuliko ya shamba la urithi.

Gramu hakucheka. Kwa miaka ishirini na sita, kila Jumamosi, alikuwa akimpelekea mkewe aiskrimu. Ilianzia kwenye uchumba. Maneno matamu hakuyaweza tangu zamani. Kumwambia mtu nakupenda kulimtoa jasho kuliko kuinua mizani ya magunia. Aiskrimu ndiyo iliyokuwa ikimsemea. Mkewe akiipokea, akila, akisema ahsante, kisha anajifungia chooni na hasemi lolote. Mpaka mwezi uliopita binti zao pacha walipomburura mama yao hadi kwa daktari.

— Hivi daktari alimuuliza nini? Mawimbi akaanza, naye anajua vizuri sana, ila kidonda cha mwenzio ni raha kukibonyeza.

— Unajua.

— Nimesahau, haki ya nani.

— Alimuuliza, mama, tumbo hili linakusumbua tangu lini? Gramu akasema. Mke wangu akajibu, tangu niolewe.

Wakili alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Kikulacho ki nguoni mwako! Gramu, na nguo yenyewe ndiyo wewe!

— Ni maziwa! Daktari kasema ni maziwa! Tumbo lake haliwezi kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa. Mimi naingiaje hapo?

— Kwani nani alikuwa anayapeleka?

Hapo Gramu alikaa. Kopo akaliweka magotini.

— Jumamosi tatu nimerudi nyumbani mikono mitupu, akasema. Nafika, nasimama mlangoni, sijui niseme nini. Jana kaniambia, basi mume wangu, usihangaike.

Muuza kahawa akashusha birika chini.

— Mwanamke akikwambia usihangaike, akasema polepole, hangaika.

Basi huo ndio ulikuwa mzigo wa Gramu: apate aiskrimu isiyo na maziwa, iwe tamu kweli kweli, aipeleke leo, mambo yarudi kama zamani. Na maduka yanazo. Sasa kwa nini makopo matatu ya kwanza hayakufika nyumbani? Kwa sababu Gramu alikuwa na hofu. Amemlisha mkewe maumivu miaka ishirini na sita kwa mkono wake mwenyewe, na kila akilifikiria jambo hilo alijisikia vibaya mno. Akaapa kwamba safari hii hakipiti kitu mlangoni mwake kabla hakijakaguliwa. Ikaundwa kamati ya kuonja. Wajumbe wake ni hao hao unaowaona, wanaume ambao maziwa hayajawahi kuwakosea. Wakili peke yake maziwa ya mgando humaliza jagi zima na bado anauliza kama yamebaki.

— Tukumbushane mwenendo wa shauri, Wakili akasema, akifuta pua. Kopo la kwanza lilikuwa la soya.

— Maharage, akasema Mawimbi. Maharage yaliyopakwa poda.

— La pili, ndizi.

— Ndizi iliyoshikwa na homa. Ilikuwa nyeusi kabla sijafika katikati.

— Ulifika mwisho lakini, muuza kahawa akasema.

— Nilikuwa nachunguza!

— La tatu, la nazi, Wakili akaendelea. Ganda juu, barafu chini, na mafuta yananata kwenye kaakaa kama mshumaa. Mpaka Jumatatu ulimi wangu ulikuwa unateleza.

— Na lile lilikuwa na udanganyifu, Gramu akasema, macho yakimng'aa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kopo la lita moja, nikaliweka kwenye mizani. Gramu mia nne na themanini! Nusu nzima ni upepo. Mtu anauziwa pumzi!

— Na hili?

— Mia saba na kumi. Limeshiba. Nimelipima mara tatu. Mama wa dukani kasema ni hili moja tu, wameletewa la kujaribia, lingine hajui lini.

Wakili akalichukua, akavaa miwani, akasoma kifuniko kama anayesoma hukumu.

— "Haina maziwa." Vizuri. Akaligeuza. "Viambato: maziwa ya korosho..." Ebo! Juu haina maziwa, chini ina maziwa. Shahidi anajipinga mwenyewe!

— Si maziwa ya ng'ombe, Gramu akasema.

— Maziwa ni maziwa! Wewe korosho ulishaiona inakamuliwa? Ina chuchu? Mwenda pole hajikwai, bwana. Mimi kwa upande wa mteja wangu, yaani tumbo la shemeji, naomba kopo lizuiwe mpaka uchunguzi ukamilike.

— Uchunguzi gani?

Wakili alikuwa keshatoa kijiko mfukoni.

Walionja. Mawimbi akalamba kijiko mbele na nyuma. Wakili akavua miwani. Gramu akachota chake, akafumba macho, na kifua kikamfunguka kwa furaha. Ilikuwa laini, nzito, tamu bila kelele, na ilipoyeyuka iliacha mdomo umetulia. Akilini akamwona mkewe akiila. Akamwona hajifungii popote.

— Hii, akasema. Jamani, hii ndiyo.

— Taratibu, Wakili akasema. Ushahidi wa kijiko kimoja hausimami mahakamani.

— Mchovya asali hachovyi mara moja, Mawimbi akaunga mkono.

Gramu akawasogezea kopo. Kijiko cha pili tu, alisema moyoni, tuwe na hakika.

— Lakini tuseme ukweli, Mawimbi akasema, akichota. Chanzo si maziwa. Nilisikia kwenye redio. Ng'ombe wa siku hizi wanalala chini ya minara ya simu. Yale mawimbi yanaingia kwenye kiwele. Sasa kuna matumbo ambayo yanakamata, na mengine hayakamati. La shemeji linakamata. Ndiyo maana linanguruma, linatafuta stesheni.

— Upuuzi! Gramu akachota kwa hasira. Miaka ishirini na sita iliyopita minara ya simu ilikuwa wapi?

— Ndiyo maana nasema lina nguvu. Lilikamata kabla ya minara!

— Ni baridi, muuza kahawa akasema. Tumbo ni jiko. Unamwagia jiko barafu halafu unalaumu ng'ombe? Mpeni kahawa.

— Wewe hata aliyevunjika mguu unampa kahawa.

— Na anatembea.

— Wote mmekosea, Wakili akasema, kijiko kikizama mpaka shingoni. Maziwa ya ng'ombe ni mali ya nani? Ya ndama. Kisheria ni mali ya wizi. Sasa yapo matumbo magumu, kama haya yetu, yanapokea mali ya wizi yanakaa kimya. Lakini tumbo la shemeji ni tumbo aminifu. Linakataa. Linamrudishia ndama chake!

— Kwa njia ile?

— Njia ya kurudisha mali haijatajwa na sheria. Samaki mkunje angali mbichi!

— Samaki kaingiaje? Gramu akapaza sauti, akachota tena, maana ubishi unakausha koo. Mimi nasema hivi, kila kitu kina kipimo. Tumbo la mke wangu lina kipimo chake. Maziwa, sifuri. Korosho, inapita. Hesabu imekwisha!

— Umepimaje kuwa inapita?

— Mimi nimekula, na sijambo!

— Na mimi sijambo, Mawimbi akasema.

— Kamati haijambo, Wakili akatangaza. Iandikwe.

— Hapo si kuonja tena, muuza kahawa akanong'ona akitazama ndani ya kopo. Hapo ni kulima.

Hakuna aliyemsikia. Mawimbi alikuwa anaeleza jinsi ng'ombe mmoja ughaibuni alivyowahi kutangaza habari za saa mbili, Wakili anamtaka ataje jina la ng'ombe huyo, na Gramu, shingo imemsimama mishipa, anagonga kijiko kwenye ukingo wa kopo akisema kiwele si antena, kiwele si antena.

— Hodi hapo.

Wote wakageuka. Alikuwa Mama Pacha, mke wa Gramu, pochi kwapani, viatu vya kutokea.

— Karibu shemeji! walisema kwa pamoja kama darasa la kwanza. Mawimbi akakalia kijiko chake.

— Hamjambo?

— Hatujambo shemeji, hatujambo kabisa!

— Naona. Akamtazama mumewe mdomo, palipokuwa na weupe kidogo kwenye masharubu. Nimepita dukani. Mama wa pale kanishika mkono, ananiuliza, Mama Pacha, katika zile aiskrimu nne alizokununulia mzee, ipi imekukaa vizuri? Wateja wanauliza, nataka niwaambie.

Gramu alifuta masharubu kwa kiganja.

— Nikaona haya kumwambia kwamba sijaiona hata moja. Kumbe jana namwambia mtu asihangaike, nikidhani amekosa! Nikamwambia mama wa watu, subiri, nikishaonja nitakupa jibu. Nikapita nyumbani mara moja, ndipo nikaja.

Alifungua pochi, akatoa leso safi, na ndani ya leso akatoa kijiko cha chai cha nyumbani kwake. Kisha akamsukuma Wakili kwa nyonga, akakaa katikati ya kiti cha basi, akakunja miguu vizuri.

— Haya, Baba Pacha, akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa na hamu ya kweli. Iko wapi?

Gramu alililaza kopo kifuani, mkewe asije akachungulia ndani. Wakili, mwenye jibu la kila shauri, alianza kutafuta miwani iliyokuwa mkononi mwake. Mawimbi alisema nadhani kuna redio nimeiacha inawaka, lakini hakuweza kusimama kwa sababu ya kile alichokikalia. Muuza kahawa aliinua birika, akalitikisa, akakuta nalo limekwisha.

Mama Pacha akaendelea kungoja, kijiko mkononi.