Tegemeo Kaachwa Wapi?

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali. Liko kati ya kibanda changu cha kushona viatu na jiko la muuza kahawa, na lina sheria moja tu: mwenye kesi haondoki kesi haijaisha. Sheria hiyo niliitunga mimi, nasema mapema ili mjue lawama muipeleke kwa nani. Asubuhi hiyo Barafu, fundi wa majokofu, alikuja kachomekea shati, kanyoa ndevu, ananukia sabuni. Mkewe alikuwa anarudi baada ya miezi miwili ya kumuuguza mama yake, na basi lingefika saa tatu. Barafu alimwambia kwa simu asihangaike na mizigo, amsubiri stendi kwenye dirisha la tiketi, yeye atamfuata. Saa ilikuwa mbili na robo. Akaomba kikombe kimoja cha haraka, akakaa, akashusha pumzi ndefu. Nikamuuliza ana nini. Ningenyamaza, haya yote yasingetokea.

Kilichomkaa rohoni ni ule mchezo wake wa video anaoucheza kwenye televisheni. Hapa kijiweni hakuna mwingine aliyewahi kuushika, lakini wote tunaujua kama mtaa wetu, maana kila siku anatusimulia. Ni nchi kubwa ya misitu, majoka na wachawi, na unakwenda utakako, hata jikoni kwa watu unaingia. Barafu humo ni shujaa wa panga, katumwa akaue joka. Mwezi wa tano huu, joka halijamwona. Anachuma maua, anawatafutia vikongwe mbuzi wao. Ana mwenzake wa safari, mwanamke mpiga upinde aliyempa jina Tegemeo, na huyo ndiye mbeba mizigo yote. Sasa jana kafika mlangoni kwa joka, kageuka kuomba ngao, Tegemeo hayupo. Akakumbuka kwamba siku nyingi nyuma alimwambia amsubiri mahali, akaenda kupigana na majambazi, kisha akaona maua.

Wakili akaweka kikombe chini. Huyu si wakili, anapiga chapa barua za watu, ila kila barua anaianza na "kwa heshima na taadhima", basi jina likamganda.

— Ulimwacha wapi?

— Mahali.

— Mahali gani?

— Palikuwa na mvua.

Wakili akasema kesi ni nyepesi, wahenga walishaimaliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: je, ameangalia chini ya vitanda vya nyumba za wageni? Barafu akakiri kwamba hajaangalia. Basi ndiyo hivyo, akasema Wakili, na kama hayuko mvunguni atafutwe chini ya miti, maana mchumia juani hulia kivulini.

Bibi Posta akamcheka. Mama huyu alipanga barua miaka thelathini mpaka akastaafu, na kwake hakuna kitu duniani kinachopotea, kinakwenda tu anwani isiyo yake. Akamtaka Barafu achore ile nchi yote mchangani kwa kijiti, akaigawa mitaa, akaipa namba. Kwa hesabu zake Tegemeo alikuwa kapelekwa mji wenye jina linalofanana na mwingine, na yuko huko kwenye rafu, hajafunguliwa.

Nami sikutaka kuachwa nyuma. Niliuliza alivaa viatu gani. Barafu akasema vya ngozi, vya kamba. Nikamweleza kitaalamu kwamba soli ya ngozi kwenye mvua haimalizi mwezi, kwa hiyo mama wa watu yuko peku, na mtu wa peku haendi mbali. Muuza kahawa akaja na lake: Tegemeo kachoka kungoja, kaenda kwa joka mwenyewe, wamepatana, na sasa anampikia kahawa.

Saa tatu kasoro dakika tano Barafu aliinuka. Naapa aliinuka. Bibi Posta akamshika shati.

— Kaa, mwanangu. Haraka haraka haina baraka.

Akakaa. Nami niliyejua kuhusu stendi nilikuwa nabishana juu ya soli, kwa hiyo sikusema kitu. Naona haya mpaka leo.

Tukaendelea. Wakili akauliza kama huyo Tegemeo, popote alipo, hatakuwa na kinyongo. Barafu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

— Huo ndio uzuri wake. Ukimwambia subiri, anasubiri. Hali, halali, hakasiriki.

Wote tukasifu tabia hiyo. Wakati huo mtu mmoja alikuwa amesimama nyuma ya benchi, akasema shikamoo bibi, na Bibi Posta akaitikia marahaba bila kugeuka, macho yakiwa kwenye ramani. Tulidhani ni mteja wa viatu.

— Yuko darajani, akasema yule mtu. Daraja la mawe, karibu na kinu cha maji. Siku ile nilikuwa nimekaa nyuma yako nakunja nguo za safari. Ulimwambia dakika moja tu.

Barafu akapiga paja. Darajani, ndiyo, kabisa, darajani! Akampa Wakili mkono, akanipa na mimi. Ndipo mkono wake ukabaki hewani, maana ile sauti aliitambua.

Mkewe alikuwa na begi kichwani na jingine mkononi, na vumbi mpaka magotini. Kutoka stendi hadi kwetu ni dakika kumi kwa bodaboda, ila kwa miguu ni mwendo wa saa nzima. Hakuwa amenuna, na hilo ndilo lililotutisha.

— Haya, na mimi je, mume wangu? Leo uliniambia nikusubiri wapi?

Wakili, mwenye methali ya kila jambo, alichungulia kikombe chake. Bibi Posta akafuta ramani kwa kandambili. Muuza kahawa akasema kahawa imeisha, na birika lilikuwa bado zito mkononi mwake. Nikamwambia shemeji karibu, ngoja nikupokee mzigo, tutazungumza baadaye.

Akanikumbusha sheria ya benchi. Kisha akatua mabegi, akakaa ule upande wa tofali, akasubiri.