Raad Hasikii

Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha Fiati iliyokufa zamani, kimeegemezwa ukutani mbele ya karakana ya baiskeli ya Fikri, huko Karmuz, Aleksandria. Asubuhi hiyo ya baridi Fikri alikuwa amekaa na Zaghlul, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, na Lam'i, anayeitwa Wakili kwa miaka aliyokaa nje ya mahakama akiwaandikia watu mashtaka kwa taipureta. Bayumi, mlinzi wa gereji ya jirani, alisimama na kahawa asiyoinywa. Mbwa wake mzee, Raad, alikuwa amelala mlangoni pa gereji, kawapa mgongo. Mbwa mdogo, Simsim, ambaye Huda, binti yake Bayumi, alimtoa kwa mama mmoja anayeokota mbwa waliotupwa, alikuwa anatafuna kamba za viatu vya watu. Walikuwa wanamngoja Gaber, mtu wa Buheira, aje na pikapu yake amchukue Raad akalinde shamba. Na Bayumi, jamani, hata kumtazama mbwa mzee yule aliona haya, maana muda si mrefu uliopita alikuwa amemchapa kandambili ya uso, na kijiwe kizima kikiona.

— Hukukosea hata chembe, alisema Zaghlul. Kamng'ata Simsim sikio!

— Simsim kamrukia mgongoni mwenzake amelala, akasema Bayumi.

— Si kila siku anarukiwa? Angekuwa ameshazoea!

— Sijui kaingiwa na nini, ndugu yangu. Hasikii siku hizi. Namwita, kimya. Napiga mluzi, kimya. Tangu huyu mdogo aje, hasikii kabisa.

— Wivu huo, Baba Huda! Umeoa mke wa pili bila kumwambia wa kwanza. Hujaona? Ukiita, mdogo anakurupuka. Yule mzee akimwona mwenzake anakimbia, ndipo naye anajikongoja. Hataki mwenzie akupate peke yake. Mama Rida wangu alikuwa vivyo hivyo.

— Mama Rida alikukimbia, Fikri akamkumbusha.

— Kwa wivu!

Lam'i akakohoa, kama kawaida yake akitaka watu wanyamaze.

— Wivu wapi! Hili ni suala la kisheria. Mfanyakazi kaletewa kijana wa kushika nafasi yake, hajaambiwa, hajaagwa, hajapewa hata mfupa wa asante. Kagoma. Mimi ningemwandikia shtaka, na tungeshinda.

— Mnahangaika bure, akasema Fikri, mikono imejaa grisi. Betri ya gari la ustadhi Nagib ilipoibiwa humo gerejini, nani alikuwa kalala pale? Wezi wamefungua boneti, wamekata nyaya, na huyu anakoroma! Kanunuliwa, huyu.

— Kwa kitu gani?

— Vichwa vya samaki. Uliza sokoni. Na huyo mdogo ndiye tarishi wao. Mnadhani alitupwa bahati mbaya karibu na huyo mama? Alipachikwa!

— Loo! Zaghlul akanyanyua miguu yote miwili juu. Bayumi, mwondoe jasusi wako, nina udhu!

— Kwa Imamu Malik mbwa si najisi, akasema Lam'i.

— Wewe Mkristo, Imamu Malik umemjulia wapi?

— Mahakamani, bwana! Nusu ya wateja wangu walikuwa masheikh.

Wakacheka mpaka kiti kikalia. Bayumi naye alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka. Raad alikuwa naye langoni tangu Huda hajaota meno. Usiku wa mvua walifunikwa blanketi moja, yeye na yule mbwa. Nyumbani alikuwa amemwambia Huda kwamba mzee anakwenda kupumzika kwenye hewa safi, lakini mtoto hakudanganyika. Alijua baba yake anamfukuza.

Pikapu ikasimama. Gaber akashuka, mtu mrefu wa kanzu ya sufu, akasalimia, akakataa kahawa.

— Ndiye yule?

— Ndiye, akajibu Bayumi.

— Anasikia?

Benchi zima likajibu kwa pamoja:

— Hasikii!

— Kichwa jiwe, akaongeza Wakili.

— Siulizi utiifu, jamaa zangu. Nauliza masikio. Mzee huyu masikio yake yanafanya kazi?

Zaghlul akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakikutoka kitu.

Fikri akainuka, akachukua spana yake kubwa, akanyata mpaka nyuma ya Raad, akaiangusha kwenye lami. Kila mtu alishtuka. Simsim alilia akajificha chini ya kiti. Raad hata sikio hakulitikisa. Alikuwa anatazama magari yakipita, ametulia zake.

— Mungu wangu, akasema Fikri.

— Shamba langu linataka mbwa anayesikia, akasema Gaber kwa upole. Haya, mtanisamehe.

Akaondoka, na hakuna aliyemuaga. Bayumi alikuwa anahesabu moyoni mara alizomwita mzee yule mkaidi. Kumbe alikuwa hainuki mpaka amwone mdogo anakimbia, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba ameitwa. Na kurukiwa usingizini, bila kusikia kinachokuja, nani asingeng'ata? Kwa hilo akapigwa usoni. Uso wa Bayumi ulimwaka mpaka masikioni.

Akaweka kikombe chini, akaenda akachuchumaa nyuma ya mbwa wake, maana kwenda mbele yake alishindwa.

— Nisamehe, ndugu yangu, akasema.

Raad aliendelea kutazama magari.

— Baba Huda, Zaghlul akaita taratibu kutoka kwenye benchi. Hakusikii.

Bayumi alijua. Hata hivyo alirudia, kwa sauti zaidi, kisha kwa kupiga kelele kabisa. Madirisha ya juu yakafunguka, mwuza mkate akasimamisha baiskeli, na Karmuz yote ikamsikia Bayumi akimwomba mbwa radhi, isipokuwa mbwa mwenyewe.