Lavelle Purifoy, Ambaye Goti Lake Lilikuwa Zima

Lavelle Ezekiel Purifoy, ambaye mmekuja kumsindikiza leo badala ya kwenda uwanjani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1972 nyumbani kwa wazazi wake, Barabara ya Cutoff, hapa Pickett Station, Alabama. Alikuwa kitinda mimba wa Hosea Purifoy, aliyefanya kazi kwenye kinu cha karatasi mpaka mapafu yakamkatalia, na Odessa, aliyekuwa mpishi wa shule ya msingi na ambaye ameketi hapo mbele. Nyumbani na mtaani aliitwa Vell. Familia inajua vizuri kwamba chuo kinacheza mpira nyumbani mchana huu, na kwamba katika jimbo letu watu hawaoani wala hawazikani Jumamosi ya namna hii. Bwana Fant anayesimamia mazishi alituuliza, kwa adabu, kama tumeangalia kalenda. Tuliangalia. Tulitaka kujua nani atakuja.

Vell alibatizwa Agosti 1983 katika kijito kilicho nyuma ya kanisa hili. Alikuwa na miaka kumi na moja na tayari alikuwa na mwili wa mtu mzima, naye Mchungaji Swayne wa wakati ule alikuwa mwembamba kama fimbo yake. Alipomzamisha Vell walizama wote wawili, na walipoibuka miwani ya mchungaji ilikuwa imebaki chini. Vell alirudi majini akaipapasa kwa vidole vya miguu mpaka akaipata. Tangu siku hiyo Mchungaji Swayne alipenda kusema kwamba amewaokoa wengi, lakini aliyemwokoa yeye ni Vell peke yake.

Alisoma katika shule ya sekondari ya kaunti kuanzia 1986 hadi 1990. Hesabu ilikuwa rahisi kwake, na mpira wetu huu wa kofia ngumu ulikuwa rahisi zaidi. Kazi yake uwanjani ilikuwa kumfikia mrusha mpira wa upande wa pili na kumlaza chini kabla hajarusha. Alimlaza, kisha akampa mkono na kumwinua, akamuuliza kama yuko sawa. Kuna wanaume wazima wameketi humu leo waliowahi kulazwa na Vell na wanajivunia.

Januari 1990 makocha wa vyuo walianza kupiga hodi Barabara ya Cutoff. Huku kwetu kocha anayemtaka kijana wako huja kula mezani kwa mama yake. Anayekula kama mgeni hurudi mikono mitupu, anayekula kama ndugu huondoka na mtoto. Kocha Royce Tidmore alivua koti, akakunja mikono ya shati, akala kambare wa kukaanga, kunde na mkate wa mahindi. Akarudia sahani. Akaenda mwenyewe jikoni kuiosha. Mlangoni alimshika Mama Odessa mikono yote miwili.

"Mama Odessa," alisema, "mimi Mungu amenipa mabinti tu. Huyu ndiye kijana wangu wa kiume. Nitamtunza kama wangu wa kumzaa."

Mama aliamini. Nani asingeamini? Picha ya Kocha akiwa na Vell ilitundikwa sebuleni kando ya picha ya baba yetu, aliyekuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, na Kocha akawa anasalimiwa kila siku kwa kitambaa cha vumbi.

Vell aliingia chuoni mwaka huo huo. Jina la chuo hicho halimo katika karatasi hii kwa sababu kina matangazo ya kutosha. Alicheza misimu mitatu, na kufikia vuli ya 1992 watu wa timu za kulipwa walikuwa wakija mazoezini kumtazama. Sasa tuseme jambo ambalo kila mtu humu analijua na hakuna anayelisema kanisani. Watu hao wanaona mbio na nguvu, lakini hawaishi na mchezaji wala hawaijui tabia yake. Kwa hiyo, kabla ya timu kuamua imchukue nani katika uteuzi wa kila Aprili, mtu wao hupita ofisini kwa kocha, mlango ukafungwa, akauliza: huyu kijana yukoje? Neno linalotoka humo linaweza kumpandisha kijana juu au kumfuta kabisa. Kijana mwenyewe hayupo. Yuko nje anakimbia, akidhani miguu yake ndiyo inayomsemea.

Kanuni zilimruhusu Vell kuondoka baada ya msimu ule wa tatu na kujitangaza kwa uteuzi wa Aprili 1993. Kocha Tidmore hakutaka aondoke. Msimu uliopita haukuwa mzuri, wakubwa walikuwa wameanza kunong'ona juu ya kazi yake, na bila Vell ukuta wake ulikuwa na tundu. Kwa hiyo aliwaambia watu wa timu, mmoja baada ya mwingine, kwamba goti la kushoto la Purifoy limeharibika ndani, kwamba chuo kinalifunga bandeji na kulificha, na kwamba kijana ni mvivu wa matibabu. Goti lilikuwa zima. Tunarudia, kwa faida ya walioketi nyuma: goti lilikuwa zima. Asiyejitangaza hapimwi na madaktari wa ligi, na kwa hiyo neno la Kocha lilibaki peke yake bila wa kulipinga.

Kisha akampigia simu Mama. Alimwambia ameulizia kila mahali na timu hazimtaki Vell mwaka huu. Amshauri arudi, amalize shahada yake, na mwakani watamgombania. Kuhusu goti hakusema neno. Mama Odessa alimwita mwanawe akamwambia, "Rudi, baba. Kocha anakupenda, hawezi kukupoteza." Vell hakuwa mtu wa kubishana na mama yake, sembuse mama na Kocha kwa pamoja. Alirudi.

Tarehe 30 Oktoba 1993, katika robo ya tatu ya mchezo, goti la kushoto la Lavelle Purifoy lilivunjika. Lile lile. Dada yake Ernestine, ambaye ndiye anayewasomea haya, alikuwa jukwaani na alilisikia, au anaamini alilisikia, na mpaka leo hawezi kuvunja mguu wa kuku mezani. Aprili 1994 ndugu na majirani walijaa sebuleni Barabara ya Cutoff wakisubiri jina la Vell liitwe kwenye televisheni. Majina yaliitwa mpaka yakaisha. Mama alifunika kambare kwa karatasi na watu wakaenda nyumbani, wakifunga mlango taratibu kama wanaotoka kwa mgonjwa. Huko kwenye ligi, tulikuja kujua baadaye, walikuwa wakimsifu: Tidmore alituambia kuhusu lile goti, Tidmore hasemi uongo. Alijenga jina la mkweli juu ya mguu wa mtoto wetu.

Vell alimaliza shahada yake ya hesabu Desemba 1994. Agosti 1995 aliajiriwa kufundisha hesabu katika shule ile ile aliyosoma, na kuanzia 2001 akawa kocha mkuu wa timu yake ya mpira.

Tarehe 20 Juni 1998, katika kanisa hili, alimwoa Renita Crenshaw, mpiga kinanda wetu, ambaye leo kwa mara ya kwanza kinanda chake kinapigwa na mwingine. Alipomchumbia hakupiga goti, kwa kuwa halikukubali kukunjwa. Alisimama jikoni kwa kina Crenshaw, ameshika friji, akasema, "Renita, chukulia nimepiga goti." Renita akasema, "Nimechukulia." Walijaliwa watoto wawili, Jocelyn na Hosea.

Kama kocha, Vell alikuwa na sharti moja lililojulikana kaunti nzima. Mtu wa chuo akija kuuliza habari za mchezaji, Vell alimwita mchezaji huyo, akamsimamisha kando yake, ndipo akajibu. Akiwa mzito alisema mzito. Akiwa mvivu alisema mvivu, na kijana alisikia kwa masikio yake. Wapo waliokasirika wakaondoka. Vell aliwaambia, "Kama huwezi kulisema akiwepo, basi usiniulize." Vijana wake walienda vyuoni wakijua hasa nini kimesemwa juu yao. Kuna makocha wangapi katika jimbo hili wanaoweza kusema hivyo? Familia inauliza tu.

Ni sharti hilo lililoleta ukweli. Mwaka 2009 mzee mmoja, Gus Wendell, aliyewahi kutafutia timu moja ya kulipwa wachezaji na sasa akifanya kazi hiyo kwa chuo, alikuja uwanjani kwa Vell kuulizia kijana. Alipoambiwa sharti alicheka sana. Kisha akaacha kucheka. Akamwomba kijana asogee kidogo, Vell akakataa, na mbele ya kijana huyo mzee Wendell akaeleza kila kitu: ofisi, mlango uliofungwa, bandeji ambayo haikuwahi kuwepo. Alisema timu yake ilikuwa imeshaliandika jina la Vell juu kabisa, ikalifuta.

Vell alimfuata Kocha Tidmore kwenye chakula cha mchana cha wafadhili wa chuo na kumngojea mpaka watu wakapungua.

"Kocha, goti langu lilikuwa zima."

"Najua, Vell."

"Unajua."

"Walikuwa wananifukuza kazi. Ningefanya nini? Kila kocha hufanya hivyo, mwanangu."

"Mimi ni kocha," Vell alisema, "na sifanyi."

Aliondoka, akaja kwa dada yake, akakaa barazani mpaka chai ya barafu ikawa maji. Alimwapisha dada yake asimwambie Mama. Alijua atakayejilaumu si Tidmore. Kwa hiyo picha ile iliendelea kutundikwa sebuleni, na dada huyo aliendelea kuingia pale kila Jumapili na kuuma ulimi. Anawahakikishia kwamba ulimi una kovu.

Ugonjwa ulimpata Vell kwa njia ya goti. Miaka yote alimeza dawa za maumivu ili aweze kusimama ubaoni asubuhi na uwanjani jioni, na dawa hizo zikala figo zake pole pole. Februari 2019 madaktari walimwanzishia kusafishwa damu kwa mashine. Aliendelea kufundisha, ameketi kwenye kigoda, mpaka mwanzoni mwa vuli hii. Mtu yeyote asije akatuambia leo kwamba Mungu alimpenda zaidi. Mungu hakuwa ofisini siku ile mlango ulipofungwa. Au kama alikuwepo, hakuulizwa.

Jumapili tarehe 5 Novemba 2023, akiwa hospitalini, Vell mwenyewe alimwambia mama yake yote. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekurudisha." Vell akamjibu, "Hapana, Mama. Wewe ulidanganywa, na mimi nikadanganywa. Usibebe mzigo ambao mwenyewe yuko hai." Mama alirudi nyumbani, akaiteremsha picha, akaketi jikoni na koti bado mwilini. "Nilimpikia," alisema. Kisha akaongeza, "Na akarudia."

Lavelle Purifoy alifariki alasiri ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, Renita akiwa ameshika mkono wake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Ameacha mke wake, Renita. Binti yake, Jocelyn, na mwanawe, Hosea. Mama yake, Odessa Purifoy, mwenye miaka themanini na minne. Dada yake, Ernestine Gaddis. Na vijana aliowafundisha, ambao wamejaa safu zote za kushoto wakiwa wamevaa tai walizofungiwa na mama zao. Baba yake alimtangulia mwaka 1989.

Limebaki jambo moja. Jumatatu Kocha Tidmore alimpigia simu Renita akaomba dakika mbili za kumzungumzia Vell. Dada wa marehemu alikuwa na jibu, lakini halichapishiki. Mama Odessa alisema apewe. Kwa hiyo amewekewa kiti safu ya kwanza, mkabala na Mama, na mtaona katika ratiba kwamba baada ya wasifu huu hakuna wimbo. Mama hataki kusikia kuhusu mabao wala vikombe. Anataka kusikia kwa kinywa kile kile kilichokula mezani kwake kwamba goti la mwanawe lilikuwa zima, na kwamba si yeye, mama yake, aliyemharibia.

Mmeona pia kwamba jeneza liko wazi. Kwa desturi yetu lingekuwa limeshafungwa kabla ibada haijaanza, na Bwana Fant ametuuliza kuhusu hilo vilevile. Litafungwa Kocha akimaliza. Vell alikuwa na sharti lake, nanyi mnalijua: mchezaji hazungumzwi akiwa hayupo.

Yupo, Kocha. Simama useme. Kisha mwacheni Vell apumzike, na goti lake lipumzike naye.